Namba Chini ya Rangi

Bwana Ostby ana ghala nyuma ya kituo cha mafuta.
Saint Paul, Januari, baridi ya kung'ata masikio,
na piano kumi na tisa zimesimama ukutani,
nyeusi tii, zimepigwa rangi mpaka unajiona pua.
"Mwenye nayo alikuwa mmoja tu," anasema,
"bibi wa California, mpigaji wa kanisani."
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
hiki kimejitembeza hadi kikavuka Pasifiki.

Sisemi kitu.
Nalipwa dola mia na ishirini nikague, si nibishane.
Nawasha tochi.

Kitasa kwenye kifuniko, ufunguo hakuna.
Hiyo peke yake si hoja.
Lakini rangi imeruka hadi kwenye vichwa vya skrubu,
na namba ya fremu ni mpya mno,
tarakimu zimenyooka kama watoto wa picha ya shule,
ilhali chuma chenyewe ni rika langu.
Chini ya funguo naokota pini ya nywele,
kifuko cha kunyonya unyevu, kigumu kama jiwe,
na sarafu yenye tundu katikati.

Kisha nafungua ubao wa chini. Kadi.
Imebandikwa kwa gundi, njano kama chai iliyomwagika,
mihuri midogo myekundu, safu kwa safu.
Maandishi yale siyasomi. Tarakimu nazijua:
hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini,
miaka ya mfalme wao;
naongeza ishirini na tano, napata yetu.
Fundi mmoja, muhuri mmoja, kila Machi,
isipokuwa sitini na mbili.
Aliumwa? Walihama?
Baadaye anarudi, mara tatu,
halafu karatasi tupu.

"Kwa hiyo imeibwa?" anauliza Bwana Chue Neng Thao.
Haikuibwa, namwambia. Wala si magendo.
Imepitia mlango wa uani.
Aliyeiunda hakuiunda kwa ajili ya huku,
ikiugua hatakuja kuitazama.
Mbao zake zilikaushwa katika hewa yenye maji;
hapa mkiwasha hita tangu Novemba
ubao wa sauti hujikunyata,
hujikunyata, na usiku mmoja mnasikia *ta!*
mnadhani ni barafu darini.

"Maneno ya wenye maduka makubwa," anasema Ostby,
na hajakosea sana, ndiyo maana naudhika.
Nimeziona za namna hii, miaka thelathini bila ufa.
Nimeona mpya, zenye cheti na utepe,
zimepasuka kabla mkopo haujaisha.

Basi naacha maneno, natia spana.
Besi inashika. Katikati inashika.
Juu kabisa, vigingi vinne
vinazunguka kama mwiko kwenye uji.

Muda wote huo binti, Mai Xee, amekaa na koti lake,
anapiga kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia bado una glovu.
Hajatuuliza lolote.

Baba yake anaitazama ile namba mpya, anacheka peke yake.
"Mzee wetu kambini aliulizwa kazaliwa lini.
Hakujua. Wakamwandikia Januari mosi.
Kila mwaka tunamkatia keki, na watu wanafyatua fataki."
Kisha, sauti ileile, kwa Ostby:
"Punguza elfu moja."

Ripoti naiandika kwenye simu, vidole vimekufa ganzi:
namba si yake. Vigingi vinne, juu.
Ufa, hakuna. Bado.
Ndoo ya maji iwekwe ndani, chini, mwezi wa Oktoba,
na msiisahau.

Ostby anataka kuibandua kadi, eti inachafua.
Iache, namwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.
Nilitaka kuweka tarehe ya leo chini ya mihuri ile.
Penseli sikuwa nayo,
na wino wa kalamu ulikuwa umeganda.